Mbio, Kungoja au Kisengere: Ufungueje Filamu ya Msisimko Ukiwa Lamu

Ukimpa mwanafunzi kazi ya kutengeneza dakika 2 za mwanzo wa filamu ya mapambano na taharuki, kitu cha kwanza atakachoomba ni gari. Cha pili ni bastola. Hapa Lamu gari la kufukuzana huna, maana vichochoro vya Mji wa Kale havimpishi hata punda mwenye shogi bila watu kujibanza ukutani. Na bastola, hata ya plastiki, nitasema baadaye kwa nini ibaki dukani.

Vijana watatu niliokuwa nikiwasaidia kuhariri walikwama papo hapo. Hadithi walikuwa nayo, tena nzuri: kijana anapokea bahasha ya kaki kutoka kwenye mashua iliyoingia alfajiri ikitoka Mokowe, upande wa bara, naye ameambiwa aifikishe uwanja wa Mkunguni, mbele ya Ngome ya Lamu, kabla ya adhuhuri. Kuna mtu mwingine anaitaka bahasha hiyo. Basi. Waanzie wapi? Mmoja alitaka mbio tangu sekunde ya kwanza. Wa pili alitaka tumwone kijana amekaa dakani, kwenye baraza ya mlangoni, anangoja. Wa tatu akasema tuanze na mwisho: bahasha tupu, kijana kalowa chapachapa, kisha turudi nyuma. Walibishana siku mbili nzima, na mimi nikiwanunulia chai. Mwishowe tukapiga zote tatu, kila moja dakika 2, kwa simu ileile na waigizaji walewale, tukazitazama moja baada ya nyingine. Ninayoyaandika hapa yametoka humo, na ni ya mtu aliyekwama walipokwama wao.

Nitaziita Mbio, Kungoja na Kisengere. Hilo la tatu nimelitoa darasa la fasihi, kwenye kisengere nyuma ambacho wengine hukiita mbinu rejeshi.

Vipimo kwanza

Kaida za utanzu huu anazijua hata mtoto aliyekulia kwenye kibanda cha video. Stelingi yuko peke yake. Adui haonyeshwi uso. Kuna kitu kimoja ambacho kila mtu anakitaka, na saa inakimbia. Picha za karibu za macho na mikono, kivuli kingi, kamera inayotetemeka, mikato ya haraka, mdundo mzito wa chini unaosikika kifuani kabla ya masikioni. Kuzijua si kazi. Kazi ni kuchagua zipi zibebe dakika zako 2 na zipi zingoje, maana ukizipakia zote mwanzoni utapata tangazo la filamu, si filamu.

Nimepima kila ufunguzi kwa mambo sita: swali unalomwachia mtazamaji, mahali, watu na vifaa, sauti, uhariri pamoja na majina yanayotokea kwenye skrini, na usalama na heshima. Hilo la sita wanafunzi huliacha mpaka siku ya kupiga picha, na Lamu ndilo linaloamua kama utamaliza kazi au utarudi nyumbani na simu yako mfukoni.

Swali

Msomi wa Ufaransa Roland Barthes, katika kitabu chake S/Z cha 1970, alitaja misimbo mitano inayoendesha hadithi. Miwili inatufaa. Mmoja ni wa matendo: mlango umesukumwa, tunataka kujua kitakachofuata. Mwingine ni wa fumbo: kuna jambo limefichwa, tunataka kulijua.

Mbio inasimama juu ya matendo. Je, atakamatwa? Swali hilo halihitaji neno hata moja, na hiyo ni nguvu kubwa kwa mwanafunzi ambaye waigizaji wake wakifungua kinywa wanasoma kama wako darasani. Lakini sisi tulipata jambo ambalo hatukulitarajia. Jirani mmoja, mama mtu mzima, alipoonyeshwa ufunguzi wetu aliuliza swali moja tu: "Huyu kaiba nini?"

Nilicheka, kisha nikanyamaza, kwa sababu alikuwa amesema kweli. Kaida inamwambia mtazamaji kwamba anayekimbia mwanzoni ndiye stelingi. Mtaani kwetu kijana anayekimbia kichochoroni ni mwizi mpaka ithibitike vingine. Kaida imesafiri ikafika hapa ikiwa imegeuka maana. Yule mwenzetu aliyeshika kamera ndiye aliyeipata dawa. Tukapiga upya shoti moja: kijana anakimbia, anampita mzee aliyekaa dakani, na hata katika mbio zile anapunguza hatua, anainamisha kichwa, "Shikamoo," kisha anaendelea. Sekunde 2. Nyuma yake anapita adui, yule mwenye raba nyeupe, haamkii mtu. Mzee anamsindikiza kwa macho. Hapo hukuhitaji tena kumwambia mtu yeyote nani ni nani.

Kungoja inategemea taharuki yenyewe, yaani mtazamaji kujua asichokijua mhusika. Mwongozaji Alfred Hitchcock alikuwa akiieleza kwa mfano wa bomu chini ya meza: likilipuka ghafla umepata mshtuko wa sekunde chache, lakini watazamaji wakilijua tangu mwanzo, hata mazungumzo ya kipuuzi ya waliokaa mezani yanawatoa jasho. Yetu haikuwa na bomu. Kijana amekaa dakani, bahasha iko chini ya kikapu cha ukindu miguuni pake, na nyuma yake, chini ya wikio, ile ghorofa inayovuka juu ya njia, raba mbili nyeupe zinasimama. Hazisogei. Je, atageuka lini? Udhaifu wake uko wazi: sekunde 20 za mwanzo hakuna kinachotokea, na mtazamaji aliyezoea kupitisha video kwa kidole ameshaondoka.

Kisengere ni fumbo tupu. Imekuwaje akafika hapa? Inampa mtazamaji kiporo cha swali moja kubwa ambalo hadithi nzima italila taratibu. Lakini lipa bei yake: ukimwonyesha kijana yu hai kwenye mchanga, umeshatuambia hakufa. Swali la "ataokoka?" limekwenda. Kama hadithi yako nguvu yake iko kwenye hatari ya kifo, umejipunja. Kama nguvu iko kwenye usaliti, nani alimuuza na kwa nini, hukupoteza kitu. Nikiri pia kwamba maandishi ya "saa sita kabla" kwenye skrini nyeusi yameshanichosha. Hilo ni langu, usilichukue kama hukumu.

Mahali

Vichochoro vya Lamu ni zawadi kwa Mbio. Kuta zinambana mkimbiaji kushoto na kulia, hata mtu wa mwendo wa wastani anaonekana ana haraka ya roho. Mji huu, uliotiwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2001, unakupa bure mandhari ambayo wengine wangeijenga kwa fedha nyingi: kuta za mawe ya matumbawe, milango ya nakshi, na wikio linalovuka njia kutoka nyumba hadi nyumba na kukupa giza la hatua tano mchana kweupe.

Ni mtego pia, kwa sababu kwenye fremu vichochoro vyote vinafanana. Ukimpiga stelingi akitoka kushoto kwenda kulia, halafu kichochoro kinachofuata ukasimama upande wa pili naye akaonekana anakwenda kulia kushoto, mtazamaji ataamini amegeuka na anarudi kwa adui yake. Tulilifanya kosa hilo mara nne, na mara ya nne nilikuwepo mimi mwenyewe ninayejidai najua. Chagua upande mmoja ushikamane nao. Ukilazimika kuubadili, weka katikati shoti anayokuja moja kwa moja kwenye kamera, au anayokwenda zake akiipa mgongo. Na kila kona iwe na alama yake: mlango wenye kufuli kubwa, ukuta uliopakwa samawati, paka. Paka hawakosekani, na hawaombi malipo.

Tena kuna jua. Saa sita mchana linaangusha mstari mmoja mkali katikati ya njia na kuacha pande zote gizani, na simu inajirekebisha mwangaza kila mkimbiaji anapotoka kivulini, picha ikawa inapepesa. Funga mwangaza kwa kubonyeza kioo na kushikilia kidole, au piga kabla ya saa tatu asubuhi na baada ya saa kumi jioni.

Kungoja inahitaji mahali pamoja tu: daka. Baraza hizi za mawe pande mbili za mlango zilijengwa kwa ajili ya kukaa na kumtazama mpitaji, kwa hivyo kamera ikiwa daka la nyumba ya pili inatazama kama mtu wa mtaa anavyotazama. Ukipata ruhusa ya kuingia ndani ya nyumba ya zamani, zile zidaka, yaani vishubaka vya ukutani, ni neema ya aina yake. Bahasha moja imechomekwa kwenye kidaka kimoja kati ya vingi, na mkono unavipapasa kimoja kimoja. Hiyo peke yake ni sekunde 30 za taharuki bila mtu kukimbia.

Kisengere tuliipiga pwani, upande wa kwenda Shela, na bahari ilitufundisha adabu. Jumamosi maji yalikuwa yamekupwa. Kijana amelala kwenye mchanga mbichi, raba moja imezama kwenye tope, picha nzuri kabisa. Shoti za karibu tukaziacha mpaka Jumamosi iliyofuata, saa ileile, tukidhani tumejipanga. Tulipofika, mchanga ule ulikuwa chini ya maji. Kupwa na kujaa huchelewa kwa takriban dakika 50 kila siku. Kwa siku 7 umechelewa karibu saa 6, yaani kupwa kumekuwa kujaa. Na kama mara ya kwanza ilikuwa bamvua, maji yanapopwa na kujaa sana, wiki ya pili utakuta maji mafu, yanayopwa na kujaa kidogo, hata ukingoja yapwe hayatarudi kule yalikokuwa. Mvuvi yeyote angetuambia hayo bure. Ukitaka kurudi mahali palepale na maji yaleyale, hesabu wiki mbili, si moja. Na ukitaka nuru ya alfajiri, jua letu karibu na ikweta linapanda wima: ile rangi ya dhahabu haikai hata nusu saa, kwa hivyo mazoezi yafanywe siku iliyotangulia.

Watu na vifaa

Mbio inataka watu wengi kuliko unavyodhani. Wanaokimbia ni wawili, anayeshika simu ni mmoja, lakini bado unahitaji watu wa kusimama kila mwisho wa kichochoro kuwaomba wapitaji wangoje kidogo, na kumwahi mwenye punda kabla hajaingia. Shoti bora kabisa za kwetu hazikupigwa kwa mtu anayekimbia na simu. Mpiga picha alikaa kwenye mkokoteni, hamali akausukuma. Picha ilikwenda laini, ikitetemeka kiasi tu kile ambacho utanzu unakitaka. Tulimlipa hamali kama mzigo wa kawaida, na mzigo wenyewe ulikuwa mwepesi.

Kungoja inataka tripodi, au matofali mawili na kitambaa, na mwigizaji anayeweza kukaa bila kufanya kitu. Huyo ni adimu. Vijana wengi wakiambiwa wangoje wanaigiza kungoja: wanatazama saa, wanapumua kwa nguvu, wanakunja uso. Mpe kazi ya mikono, amenye machungwa au asuke ukili, na umkataze kufikiria kamera. Ukipiga ndani chini ya taa, kumbuka umeme wetu ni wa hezi 50; weka fremu 25 kwa sekunde na shata, yaani muda wa kila fremu kupokea mwanga, ya 1/50 ya sekunde, la sivyo picha inaweza kumeta.

Kisengere inataka nguo mbili zinazofanana. Kijana ni mkavu asubuhi na amelowa mwishoni, na huwezi kukausha shati kila unaporudia. Inataka pia mtu mmoja mwenye daftari ambaye kazi yake ni kuandika tu: kidonda kiko mkono gani, kifungo kipi kimekatika, bahasha imekunjwa vipi. Bila huyo, filamu yako itakuwa na kidonda kinachohama.

Sauti

Watazamaji husamehe picha mbaya kuliko sauti mbaya. Mbio yetu ya kwanza iliharibiwa na ndara. Stelingi alivaa ndara zake za kila siku, na kichochoro cha mawe kikazirudisha pa-pa-pa-pa mpaka darasa zima likacheka. Raba zikaokoa jahazi. Sauti za hatua tulizirekodi upya usiku, kwenye sakafu ya saruji, simu ikiwa karibu na miguu. Kwato za punda ni vifuu viwili vya nazi vikigongwa juu ya mchanga uliolowa. Na ile sauti ya "Simile! Simile!" ya mwenye mzigo anayeomba njia ni king'ora chetu, ikisikika kutoka kona ambayo bado hatuioni, mtazamaji anajua kitu kizito kinakuja.

Kwa Kungoja sauti ndiyo filamu yenyewe. Kisu kinachomenya chungwa, nzi, redio ya mbali, kisha hatua zinazosimama. Usijaze muziki. Ukiweka mdundo wa besi tangu sekunde ya kwanza, umemwambia mtu aogope kabla hujampa cha kuogopa.

Kisengere iko pwani, na adui wako ni upepo. Wakati wa kusi, hasa Juni mpaka Agosti, maiki ya simu haitakuletea kitu ila ngurumo. Rekodi mawimbi peke yake ukiwa umejikinga nyuma ya ukuta, na mazungumzo yote yaondoe.

Kuhusu adhana nasema kwa zote tatu. Misikiti iko karibu karibu na adhana zake zinapokezana. Ukirekodi katikati yake huwezi kukata shoti bila kukata adhana, na hilo halipendezi masikioni wala moyoni. Simamisha kazi. Usiichukue pia ukaiweka chini ya picha ya adui ili iwe sauti ya kutisha. Filamu za wageni zimeshafanya hivyo vya kutosha. Lakini ile kaida ya saa inayokimbia, ambayo kwingine ni tarakimu nyekundu zinazorudi nyuma, Lamu unaweza kuijenga kwa kukaribia kwa adhuhuri. Kivuli cha ukuta kinakonda. Mwenye duka wa Usita wa Mui, njia kuu ya mji, anaingiza bidhaa zake ndani. Wazee wanainuka dakani mmoja mmoja. Mtazamaji wa hapa anajua ni saa ngapi bila kuonyeshwa saa.

Uhariri na majina

Hapa ni hesabu tu. Dakika 2 ni sekunde 120. Mbio yenye shoti za sekunde 2 ni shoti 60. Ukirudia kila moja mara tatu, stelingi wako amekimbia mara 180. Kungoja yenye shoti za sekunde 8 ni shoti 15. Kisengere yetu ilikuwa na shoti 31, karibu nusu za polepole pwani na zilizobaki za haraka mjini, na kiungo kati ya hizo mbili ndicho kilichotula usiku kucha. Mwishowe tuliunganisha kwa bahasha: mkono umeshika bahasha iliyolowa, mkato, mkono uleule unapokea bahasha kavu kutoka kwa nahodha. Hatukuhitaji maandishi ya "saa sita kabla" hata kidogo, na nilifurahi zaidi ya nilivyoonyesha.

Majina ya waigizaji na ya filamu yanahitaji mahali pa kutulia. Kungoja inayo tele. Kisengere inayo pale giza linapotenga nyakati mbili. Mbio ndiyo yenye tabu: jina likitokea wakati mtu anaruka ngazi, jicho halijui lifuate nini. Weka majina kwenye shoti za ukuta mtupu, kabla mkimbiaji hajaingia au baada ya kupita.

Usalama na heshima

Nilisema nitarudi kwenye bastola. Mwaka 2014, baada ya mashambulizi ya watu wenye silaha huko Mpeketoni, Kaunti ya Lamu iliwekewa amri ya kutotoka nje usiku. Watu wanakumbuka. Kijana anayetoka mbio kichochoroni akiwa na kitu chenye umbo la bunduki hachezi filamu machoni mwa anayemwona, na askari hana wajibu wa kukisia kwamba ni plastiki. Hatari ya hadithi iwe kwenye bahasha na kwenye raba nyeupe. Simu inayoita mfukoni mwa adui wakati amejificha ilitutisha kuliko silaha yoyote tuliyoiona kwenye filamu za wenzetu. Kwa Mbio hili ni la lazima kabisa. Toa habari kwa wazee wa mtaa na kituo cha polisi kabla, na uwe na barua ya mwalimu mkononi.

Ngome iko chini ya Makumbusho ya Taifa ya Kenya, kwa hivyo ruhusa ya ndani iombwe huko. Droni sahau: zinasimamiwa na Mamlaka ya Usafiri wa Ndege ya Kenya, na kiwanja cha ndege cha Manda kiko ng'ambo ya mlango wa bahari tu. Wanafunzi wakikosa droni hukimbilia darini. Hapo nawaambia wapoe. Nyumba hizi zilijengwa kwa sitara. Ukisimama juu ya dari moja unachungulia viwanda vya watu, yaani nyua zao za ndani, na nguo zao na wanawake walio kwao. Ukipata ruhusa ya mwenye nyumba bado hujapata ya jirani. Shoti ya juu ya Mbio ni nzuri, lakini dirisha la ghorofa linalotazama njia linatosha.

Kungoja haina hatari ya mwili, ila ina yake: kamera imesimama muda mrefu mahali pamoja, na wapitaji wote wanaingia kwenye fremu bila kuulizwa. Weka mtu wa kuwaambia. Kisengere iangalie bahari. Mwigizaji aliyelala ukingoni awe anajua kuogelea na maji yawe yanapwa, si yanajaa.

Na adui asivae kanzu na kofia ati ndiyo aonekane wa kutisha, wala usimfiche mtu ndani ya buibui kama kinyago. Vazi la sitara la mama yako likigeuzwa hila ya muuaji, ukumbi wa Lamu hautakupigia makofi, na ukumbi wa Nairobi utakupigia kwa sababu mbaya.

Nani achague ipi

Kama una waigizaji wasiojua kusema, miguu mizuri, marafiki saba wa kuzuia njia na mwezi mzima wa kuhariri, chukua Mbio, lakini usisahau ile shikamoo. Inafaa pia kazi itakapoonyeshwa kwenye ukumbi wenye kelele, kwa mfano mbele ya wanafunzi wa shule nyingine kwenye tamasha la drama na filamu, kwa sababu haingoji mtu anyamaze.

Kama mko wawili au watatu, mna siku moja, na kati yenu kuna mmoja mwenye uso unaobeba ukimya, Kungoja itawatoa. Inamfaa anayesahihishwa na mwalimu aliyekaa peke yake na vipokea sauti masikioni. Haimfai mwenye mwigizaji anayetaka kuonekana.

Kama hadithi yako ina siri, mnaye mtu wa daftari, na mnajua kuhesabu maji, basi Kisengere. Ukiwa na wiki moja tu, iache, labda uihamishie mjini: kijana amekaa kwenye ngazi, bahasha tupu, damu kidogo kwenye mkono wa shati. Ukuta haupwi wala haujai.

Unaweza pia kuchanganya. Vijana wangu walifungua na Kungoja ya dakika moja na sekunde 40, kisha raba nyeupe zikapiga hatua moja, kijana akageuka, na sekunde 20 zilizobaki zikawa mbio mpaka jina la filamu. Wawili waliridhika. Yule wa tatu, wa Kisengere, anasema mpaka leo tulikosea, na lile shati la pili hajalirudisha.